Wanaorudi motokrosi baada ya miaka 40 watengewe muda wao asubuhi

Mhariri,

Kurasa za michezo zinapoandika motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta ya kuruka, huanza na watoto wa cc 50 na 65, hurukia mshindi wa daraja la juu, na habari huishia hapo. Kuna kundi ambalo halitajwi, na sisi mafundi na wasimamizi wa njia tunaliona kila mwisho wa juma: watu wa miaka 42, 48, 55, waliokimbia sana ujanani, wakauza pikipiki karo ilipoanza kubana, na sasa watoto wamemaliza shule wanataka kurudi. Wanakaribishwa. Lakini wengi wanaumia siku tatu za mwanzo, na sababu zake zinajulikana mapema.

Kosa kuu la anayerudi ni kununua pikipiki inayolingana na kumbukumbu yake. Aliacha akiwa na cc 250 ya tustroki, injini ambayo oili yake huchanganywa kwenye petroli. Akiwa nje, mambo yaligeuka. Mwaka 1997 Mmarekani Doug Henry alishinda mbio za Las Vegas kwa Yamaha ya forstroki, injini yenye vali na oili yake peke yake, mwaka uliofuata YZ400F ikaingia sokoni, na mwaka 2001 ikaja YZ250F. Kanuni ziliiweka 450 ya forstroki daraja moja na 250 ya tustroki, basi mzee wetu anahesabu kuwa ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. 450 ya leo inatoa zaidi ya nguvu za farasi 50 na ina uzito wa kilo 105 hadi 112. Tena ukiachia resi, injini yenyewe inafunga breki. Mtu wa tustroki amezoea kuachia resi na pikipiki ikateleza mbele; akifanya hivyo kwenye mdomo wa tuta na forstroki, pua inaanguka kabla hajajua kilichotokea.

Maoni yetu ni haya, na tunajua wauzaji hawatayapenda: msimu wa kwanza usiguse 450. Aliye chini ya kilo 85 achukue 250 ya forstroki. Mwenye kilo 95 kwenda juu atafute 350, ambayo KTM wanaitengeneza tangu modeli ya 2011. Anayependa fundi wa mtaani amsaidie achukue tustroki ya cc 125. Yamaha YZ125 ina kilo 95, haina vali za kupima, na pistoni hubadilishwa mchana mmoja. Ila akumbuke ni ya kupiga kiki, haina selfu, na ikimzimikia kwenye mtaro mara ya nne, goti la miaka 50 litalalamika.

Ukienda kununua iliyotumika, usikubali kukuta injini imeshapashwa moto. Mwambie muuzaji ukweli: nataka kuiwasha ikiwa baridi. Kisha toa chujio la hewa, funga kitambaa cheupe kidoleni, pangusa ndani ya bomba linaloingia kwenye injini. Vumbi likionekana hapo, injini imekula mchanga na bei yake ni nyingine kabisa. Inua nyuma, shika gurudumu, litikise juu na chini. Ukisikia beringi za mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, zikigonga, hazijawahi kupakwa grisi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili ya pampu ya maji imekwisha. Forstroki inayowaka vizuri ikiwa baridi lakini inakataa ikipata moto mara nyingi vali zake za kuingiza zimelika na nafasi imebana. Uliza pia ina saa ngapi. Bodaboda huhesabiwa kilomita, lakini pikipiki ya motokrosi huhesabiwa saa, na isiyo na kipima saa ichukulie kuwa imechoka mpaka ithibitishwe.

Wapo ambao pikipiki yao ya zamani imelala stoo miaka 10. Hiyo isiwashwe kwa hamu. Mwaga petroli yote, fungua kabureta, toa jeti ndogo ya mwendo wa chini. Tundu lake ni jembamba kuliko sindano ya kushonea, na utomvu wa petroli iliyokaa huliziba kabisa. Badilisha oili ya breki, kwa sababu DOT 4 hunywa maji kutoka hewani, na breki iliyonywa maji hupotea pale tu inapopata moto. Tairi zilizokakamaa tupa, hata kama meno bado ni marefu. Mabomba ya maji na sili za foku, ile miguu ya mbele yenye springi, zitavuja wiki ya kwanza, kwa hiyo zinunuliwe pamoja na hizo tairi.

Jambo la mwinuko husahaulika. Nairobi ipo takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Pikipiki yenye mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta hujirekebisha. Ya kabureta haijirekebishi. Iliyorekebishwa Mombasa ikipanda Nairobi hukohoa na plagi huwa nyeusi, hilo ni kero tu. Hatari ni kinyume chake. Iliyorekebishwa Nairobi ikashushwa pwani bila kuongezewa jeti kubwa hupata mafuta haba, na tustroki ikikosa mafuta hukosa na oili yake, pistoni inashika katikati ya tuta. Mchanganyiko wenyewe: kwa 32 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 156 za oili, kwa 40 kwa 1 ni 125. Pima kwa kikombe chenye alama. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa kumeua injini nyingi.

Sasa springi. Hapa tutakaa, maana ndipo pesa ndogo huzuia hospitali. Viwanda hufunga springi za mtu wa kilo 70 hadi 80 hivi. Anayerudi mara nyingi amepita hapo, na akivaa buti, helmeti na kinga anaongeza kilo nyingine kadhaa. Pikipiki inakaa chini nyuma, mbele inakuwa nyepesi, kona inakataa, naye anadhani amesahau kuendesha.

Kipimo cha springi kinahitaji watu watatu na utepe. Pandisha pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu hadi boliti moja ya bodi, uiwekee alama. Tuseme ni milimita 610. Ishushe chini, ibonyeze mara mbili tatu ikae yenyewe, pima tena: 575. Imezama 35 kwa uzito wake, na kati ya 30 na 40 ni sawa. Sasa mwenye pikipiki avae kila kitu, apande, asimame kwenye vikanyagio, mmoja ashike usukani, wa tatu apime: 505. Imezama 105, ndiyo tunayoitaka. 100 hadi 105 inatosha kwa pikipiki nyingi kubwa. Ikizidi, legeza ringi ya juu ya kufungia, kaza ile ya chini inayobana springi, pima upya. Halafu rudia kipimo cha bila mtu, hatua ambayo mafundi wengi huruka. Kama ili kufikia 105 umekaza mpaka pikipiki peke yake inazama 15 tu, springi ni laini kwake, na kuendelea kukaza hakutasaidia. Anunue nzito zaidi, nyuma na mbele pamoja. Atakayekuta foku haina springi bali hewa, kama Honda CRF450R ya 2013, apime upepo wake kila asubuhi kabla ya kupanda, ikiwa bado ya baridi.

Tairi, 12 hadi 14 psi, zipimwe kwa geji ya namba ndogo. Ya gereji la magari haioni tofauti ya 2. Cheni iache vidole vitatu juu ya mkono wa nyuma, pale mpira unapoishia. Iliyobana hukatika au huvunja beringi ya gia, kwa kuwa mkono unapopanda cheni huzidi kubana. Chujio la hewa lioshwe kila siku ya kupanda, bila kujadiliana.

Mwili nao una kipimo chake. Wiki 8 hadi 12 kabla: kukimbia au baiskeli mara tatu kwa wiki, kuchuchumaa na kuinuka, kuruka kamba. Ukiwa kwenye njia, moyo hupiga karibu na kikomo chake kwa dakika zote, si kama mbio za barabarani. Kwa hiyo aliye juu ya miaka 40 apimwe presha, sukari na umeme wa moyo kabla ya kulipia pikipiki. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu amuulize daktari wake waziwazi kuhusu kugonga kichwa, na akiambiwa hapana, ni hapana. Wenye miwani ya kuonea karibu na mbali katika lenzi moja wasipande nayo: sehemu ya chini hutia ukungu mtaro ulio mita chache mbele. Watengenezewe ya kuonea mbali tu, inayoingia ndani ya miwani mikubwa ya kukinga vumbi.

Helmeti ya mwaka 2004 ni pambo la ukutani. Povu lake limekauka. Inunuliwe yenye alama ya kiwango cha usalama cha ECE 22.06. Kinga ya shingo, ambayo anayerudi hajawahi kuivaa kwa kuwa haikuwapo, ilibuniwa na daktari wa Afrika Kusini, Chris Leatt, na ni ya kujaribiwa pamoja na helmeti yenyewe dukani, kwani si kila jozi huelewana.

Siku ya kwanza, tembea njia nzima kwa miguu. Mizunguko ya mwanzo usiruke kitu. Viringika juu ya kila tuta, magurudumu yote yakiwa chini, ukishika upande mmoja bila kuhama, maana aliye nyuma yako anaruka na atatua pale ulipo. Usisimame kamwe nyuma ya tuta, kwenye mteremko wa kutua. Panda dakika 8 hadi 10, pumzika 20, rudia mara nne, kisha funga mizigo hata kama unajisikia vizuri. Hasa kama unajisikia vizuri. Ajali nyingi tunazookota ni za mzunguko ule wa mwisho wa kuagana. Mwezi wa kwanza ruka matuta ya meza peke yake, ambayo ukipungukiwa unatua juu. Yenye pengo katikati yasubiri.

Mikono itavimba na kuwa migumu kama kuni, vidole visihisi breki. Misuli ya kigasha imejaa damu ndani ya utando wake usiotanuka. Chanzo ni kushika usukani kwa woga. Bana tenki kwa magoti, shusha mikono ya breki na klachi ilingane na mstari wa kigasha ukiwa umesimama, tumia kidole kimoja au viwili. Isipopungua, rudi kwenye springi.

Na anayeanguka akisikia maumivu kwenye shimo lililo chini ya dole gumba asijiambie ameteguka. Mfupa mdogo wa hapo ukivunjika hupata damu kidogo, hupona kwa shida, na picha ya siku ya kwanza mara nyingine haionyeshi kitu. Mkono ufungwe, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Aliyepoteza fahamu hata sekunde chache hapandi tena siku hiyo. Bima, soma maandishi madogo: nyingi za ajali huondoa mashindano.

Ombi letu kwa wasimamizi wa viwanja, Jamhuri Park hapa Nairobi wakiwa wa kwanza, na kwa wenzetu wa Garuga na Busiika kule Uganda, ni dogo. Marekani, mashindano ya wasiolipwa yanayofanyika kwenye ranchi ya Loretta Lynn huko Tennessee huwagawa watu wa miaka 30, 40, 45 na 50 kila mmoja na daraja lake. Hatudai madaraja manne. Tunadai mazoezi ya kila Jumamosi yatenge muda wa waliopita 40, vijana wa cc 250 wasiingie, na pawe na mwenye bendera ya njano ya kuonya kwenye kila tuta ambalo nyuma yake hapaonekani. Kwa sasa mtu aliyekaa nje miaka 20 anaingia njia moja na kijana anayetafuta nafasi ya timu ya taifa, na kijana hana kosa.

Saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi inatosha. Umande bado umeshika vumbi, mitaro haijachimbika, na vijana hao bado wamelala.

Mafundi na wasimamizi wa njia za motokrosi,
Nairobi