Kumuuguza Bibi wa Watu ni Kazi, Mdogo Wangu

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti wote, mpaka pale uliposhindwa kuendelea. Ninakujibu hadharani, bila ya kukutaja, kwa sababu kutoka Mbweni, Unguja, mpaka Chake, Pemba, wamo wengi wanaoamka usiku kumgeuza mgonjwa wa watu, na hakuna anayewahesabu kuwa ni wafanyakazi.

Umeniuliza kama ni utovu wa adabu kudai siku ya mapumziko kwa watu waliokupokea vizuri. Hapana. Najua muhali unaouona: mama wa nyumba ni jamaa yetu wa mbali, alikuchukua Wete kwa heshima, Sikukuu anakupa nguo. Lakini tazama unachokifanya. Unamkogesha bibi, mtu mzima aliyepooza, mzito kuliko wewe. Unambadilisha pampasi. Unamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulalia. Unajua kidonge kipi ni kabla ya kula na kipi ni baada. Ukimwinua vibaya, kinachoumia ni kiuno chako, na siku kikikataa utapandishwa boti urudi Pemba na doti ya kanga. Spitali kazi hii hufanywa kwa zamu, watu wakipokezana. Wewe zamu yako haina wa kuipokea.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hakuna anayekubali kuwa mwajiri wako. Mtoto wa bibi aliyeko Muscat anatuma pesa, dada yake wa Kiembesamaki anakuamrisha, kaka yao anakukabidhi mshahara, akikumbuka. Ukimuuliza mmoja anakutuma kwa mwengine.

Los Angeles, Marekani, wanaohudumia wazee na watu wenye ulemavu majumbani walikwama hapohapo. Pesa zilitoka serikalini, mzee ndiye aliyemchagua wa kumhudumia, na walipotaka chama cha wafanyakazi hapakuwa na mwajiri wa kuzungumza naye. Walihangaika zaidi ya miaka 10, mpaka ikaundwa mamlaka maalumu ya kusimama kama mwajiri. Mwaka 1999 wafanyakazi 74,000 wakapata uwakilishi wa chama cha SEIU kwa kura. Linalonipa moyo ni kwamba wahudumiwa wenyewe, wazee na walemavu, walikuwa upande wao. Walijua kwamba mhudumu akichoka akaondoka, anayebaki kitandani bila msaada ni wao.

Na sisi hatuanzi patupu. Tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1, zote za 2005, zote za Zanzibar yenyewe, na kujiunga na chama ni haki yako. CHODAWU-Z ni chama cha wafanyakazi wa mahoteli na wa majumbani, kiko chini ya ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar. Tena Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia ninaposema huombi makubwa.

Viongozi wa chama nao wanisikie: anayeuguza hatoki. Mkimsubiri ofisini hamtamuona. Piteni mitaani, ongeeni na masheha, wafuateni kwenye kliniki wanakowapeleka wazee.

Wewe, usimkatie bibi huduma kwa hasira. Yeye hana kosa, na najua unampenda. Andika kwenye daftari saa unazoamka usiku. Kisha waombe kaka na dada wakae pamoja, na yule wa Muscat kwa simu, waandike karatasi moja: nani analipa, tarehe ngapi, siku gani unapumzika, na siku hiyo nani anakaa na mama yao. Swali hilo la mwisho ndilo watakalolikwepa. Usiwaachie.

Kitambulisho chako walichokiweka kabatini "kisipotee" kidai leo. Mkataba huohuo wa 189 unasema nyaraka zako ukae nazo mwenyewe. Jumatatu nitakuja mimi kukaa na bibi, nimeshamwambia mama wa nyumba, nawe uende ofisi ya chama asubuhi kabla hawajatawanyika.

Dada yako