Jumamosi ya usafi ifike hadi ufukweni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakazi wenzangu wa Dar es Salaam. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafagia mbele ya nyumba na maduka yetu, lakini ufukwe tunausahau kana kwamba hauna mwenyewe.

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na kweli tumeona nafuu. Lakini chupa za maji, vifuniko, kandambili na vipande vya nyavu bado vimejaa Coco Beach, hasa wakati wa masika, Mto Msimbazi unapomwaga baharini uchafu wa mitaa iliyo mbali kabisa na pwani. Nyavu zilizotupwa huendelea kunasa samaki bila mvuvi. Kasa naye humeza plastiki akidhani ni yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini anayemla. Naumia sana nikifikiria hilo.

Nawaomba viongozi wa mitaa ya Msasani watuitishe ufukweni mwezi ujao, na manispaa ilete gari siku hiyohiyo, maana taka zikilala pale, maji yakijaa yatazirudisha baharini. Tuje na viroba, glovu na watoto wetu. Mimi nitakuwepo saa 12 asubuhi.

Mkazi wa Msasani,
Dar es Salaam