Dokta Zawadi, hili la shule ya Kashata limenishinda

Kwako Zawadi,

Salamu nyingi kama mchanga wa bahari, mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Haya, ya darasa la nne tumemaliza, sasa nisikilize. Najua umenuna. Tangu Pasaka sijakutafuta, na ulivosema mama kavunjika mguu nikatuma pole ya mstari mmoja na hela ya sabuni, nimekosa, nitakuja hapo Morogoro kupiga magoti mwenyewe. Lakini sa hivi nina shida na wewe ndio daktari wa mifugo pekee ninayeweza kumpigia kelele bila kulipia, kwa hiyo utaendelea kununa baadae.

Ni Kashata. Yule mbwa niliyekutumia picha, wa rangi ya karanga za kukaanga, jina kampa Imani. Yuko wiki ya 13 sasa. Tulimchukua kwa sababu ya ile pampu ya maji, si nilikusimulia, walivyoing'oa na mabomba yake tumelala kama magogo, Baba Imani akaapa nyumba hii haitalala tena bila mbwa. Mama mkwe kauliza anafugwa ndani au nje, nikamwambia nje. Analala jikoni, usiniulize.

Sasa kuna bwana mmoja huku huku Kigamboni anafundisha mbwa kila Jumamosi asubuhi, 150,000 kwa Jumamosi sita, Baba Imani kapewa namba na Hamisi, na unamjua Hamisi akianza kusifia kitu. Tumeshaenda mara mbili. Na mimi tangu ile mara ya pili nina kitu kimenikaa hapa kifuani, najiuliza lile ni darasa kweli au nini, na nitajuaje? Mtoto ukimpeleka chekechea unajua, anarudi anaimba au anarudi analia. Mbwa anarudi kimya.

Siku ya kwanza mwalimu alianza na mbwa wake mwenyewe, German Shepherd mkubwa, kalala, kaamka, kazunguka, kang'ata gunia lililofungwa mkononi mwa kijana wake, kaachia kwa neno moja. Watu makofi. Baba Imani hapo hapo kashatekwa, hakusikia kitu kingine tena. Mimi nilikaa upande wa jua nikawa namwangalia mbwa, sio mwalimu. Mwalimu akinyanyua mkono ajikune pua, yule mbwa anajikunja chini, masikio kayalaza nyuma. Kujikuna pua tu Zawadi! Nikajisemea labda ndio mafunzo yenyewe, mi najua nini, mi nimekua na mbwa wa babu wasiokuwa na majina.

Halafu ikaja hotuba. Mbwa ni mbwa mwitu, lazima ajue nani mkuu wa kundi, wewe unakula kwanza yeye anasubiri, ukimpa chakula mkononi atakudharau. Nikawaza mbwa mwitu gani, hawa wa Mikumi? Maana si ni wewe ulinisimulia ukiwa SUA, kile chuo cha kilimo, kwamba wale wakiua swala wanawaachia watoto wale kwanza, wakubwa wamesimama pembeni wanangoja? Kumbe mwenzangu anaongelea wale wa Ulaya. Na hao nao nimewasoma usiku kwenye simu mpaka chaji ikaisha, eti ile habari ya mkuu wa kundi ilianzia kwa mbwa mwitu waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel huko Uswisi, mtu akawaandika 1947, wanyama wasiojuana wamerundikwa pamoja kama sisi bweni la Sista Doro, watakosaje kupigana. Porini kundi ni baba, mama na watoto wao basi. Sasa ndio anifundishie Kashata anayeogopa kipepeo? Na huyo anayesema chakula ni dharau alidai hela yake yote kabla hajafungua geti.

Tulikuwa na mbwa 17 pale. Nilihesabu. Vitoto vimechanganywa na mijibwa ya mwaka mzima, mwalimu mmoja na kijana mmoja. Kadi ya chanjo hakuna aliyeulizwa, nilienda nayo kwenye mkoba nikarudi nayo. Kuna kitoto kimoja cheusi kilikuwa kinaharisha pembeni, yule kijana akaja akafukia na mchanga kwa kiatu chake, hivo hivo, akaendelea na kazi. Mi nikamnyanyua Kashata nikampakata mpaka mwisho na watu wakanicheka, lakini wewe ndio uliniambia parvo, ule ugonjwa wa kuharisha unaoua vitoto vya mbwa, inakaa kwenye udongo miezi na miezi, na vile vitoto vitano vya Mama Getu mwaka jana vilikwisha ndani ya siku tatu, nilikuwepo, ile harufu sijaisahau.

Sasa ngoja nikwambie la funguo, maana ndio hasa limenifanya niandike.

Jumamosi ya pili. Zoezi ni kukaa, mwalimu anasema "sit" na wote tunatakiwa kusema "sit", Kashata nyumbani anaambiwa "kaa" na Imani, na dada wa kazi, Mwajuma, neno lake kwa mbwa ni moja tu, "toka!", kwa hiyo mtoto wa watu lugha tatu na hajui hata moja. Akawa ananusa nyasi. Mwalimu akaja taratibu kwa nyuma, akachomoa bonge la funguo mfukoni, kama funguo ishirini hivi, akazitupa chini karibu kabisa na miguu ya Kashata. Aliruka huyo, akalia ile sauti nyembamba, akakaa. Mkia kaubana tumboni. Na akapiga miayo. Watu kicheko, mwalimu ananiambia "umeona mama, sekunde mbili, ameshika adabu." Nami nikacheka Zawadi. Ndio kinachoniuma. Nilicheka nao kwa kuwa sikutaka kuonekana mshamba.

Tangu siku hiyo Baba Imani akirudi jioni, funguo za geti zikilia tu, Kashata yuko chini ya kochi. Mwajuma akifungua kufuli la stoo, chini ya kochi. Juzi boda kaja kuleta gesi, funguo ya pikipiki ina kale kakengele, chini ya kochi na kojo juu. Huyu ndio mlinzi tuliyemfuata sababu ya pampu! Mwizi akija na funguo bandia si atapishwa njia? Nikamwambia Baba Imani, akanijibu atazoea, mbwa wa siku hizi wanadekezwa, kwani babu yako alikuwa na mwalimu. Sawa. Ila babu yangu hakulipa 150,000 mbwa wake aogope funguo.

Basi Jumamosi iliyopita nikasema naumwa kichwa, Baba Imani akaghairi kwenda, mimi jioni nikapanda pantoni peke yangu nikaenda Mbezi Beach. Kuna binti pale ana darasa la vitoto tu, nimepewa namba na yule anayemtibu paka wa ofisini kwetu. Nilipompigia kitu cha kwanza aliniambia njoo kwanza bila mbwa, ukae uangalie, bure. Wa huku nilimwomba siku ile ya kwanza nikae nje ya kamba niangalie kabla ya kulipa, akanikatalia, eti nitawachanganya mbwa. Hapo tu ningejiongeza.

Getini kuna beseni la maji ya Jiki, unakanyaga na viatu vyako. Kadi za chanjo anazisoma moja moja kama askari wa usalama barabarani, kuna kaka mmoja kaja na Prado na mbwa wa bei mbaya, kadi hana, karudishwa. Vitoto sita, hakuna kilichozidi wiki 16. Zawadi, asilimia kubwa ya lile saa alikuwa anafundisha watu! Mbwa wanahangaika na mambo yao, yeye anamwambia mama mmoja usivute kamba, legeza, subiri akuangalie, haya mpe. Anachowapa ni dagaa. Dagaa wakavu wamevunjwa vunjwa kwenye kikopo, pale panaponukia ungedhani soko la samaki la Feri.

Kuna vijana wawili wa kazi yake, mmoja kavaa kanzu na kofia anapita pita, mwingine anafungua mwavuli kule mbali kabisa, anasogea kidogo, dagaa, anasogea tena, dagaa. Nje ya geti pikipiki inawashwa inazimwa. Anashika masikio, anafungua midomo, anaminya vidole vya miguu, anasema hii ni kwa ajili ya daktari, siku akichomwa sindano asimng'ate mtu. Nikakukumbuka na lile kovu lako.

Halafu michezo. Anafungua kamba wacheze, mi nikasema haya sasa, hapa ndio fujo. Kuna kimoja kinene kinamlalia mwenzake mdogo, kinamng'ang'ania shingo, mdogo analia, mwenye mbwa mnene anachekelea eti wanacheza. Binti akakinyanyua kile kinene, hakukipiga, amekishika tu, akasema tumwangalie mdogo atafanya nini. Mdogo akajikung'uta, akasimama... akamrukia mnene pale pale mkononi, anataka tena! Akasema basi walikuwa wanacheza, kamshusha. Baada ya muda kidogo akafanya hivyo hivyo kwa wengine wawili, safari hii mdogo akakimbilia kwa mwenye naye, na mchezo ukaishia hapo. Nimerudia kuisimulia hii kwa kila mtu, Mwajuma ameshaikariri.

Na kulikuwa na kimoja kilikaa chini ya kiti saa nzima. Nilikitazama sana hicho, unajua kwa nini. Hakuna aliyekivuta. Binti alikuwa akipita anadondosha dagaa karibu na kiti, haangalii hata, anaendelea kuongea. Mwishoni pua ikatoka. Pua tu, ikachukua dagaa, ikarudi. Akamwambia mwenye mbwa leo amefaulu. Nilipomsimulia Baba Imani akasema yaani kujificha chini ya kiti ndio kufaulu, na hela mmelipa.

Sio kwamba binti hana kasoro. Alichelewa kuanza karibu nusu saa, anaongea utadhani mshereheshaji, na kwa saa nzima vitoto vimejifunza "kaa" basi, Hamisi angesikia angecheka mpaka ang'oke jino. Bei 240,000. Na kasema nikija nije na Mwajuma, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mbwa kutwa, nikijifunza mimi peke yangu nimepoteza hela. Mwajuma kasikia anafundishwa na mbwa, hajaamua kama amekasirika.

Sasa mimi nimeng'ang'ania kitu kimoja ambacho siwezi kukieleza vizuri kwa Baba Imani. Yeye anapima darasa kwa yule German Shepherd wa mwalimu. Hiyo ni sawa na kumpima fundi kwa lile kochi moja lililoko dukani kwake. Mimi naona apimwe kwa kile kitoto kilichoshindwa, kifanywe nini kikishindwa. Wa huku alitupa funguo, wa kule alidondosha dagaa. Lakini labda ni huruma tu inanisumbua na mbwa wa ulinzi kweli hawafundishwi kwa dagaa, ndio maana nakuuliza wewe.

Niambie basi. Ile miayo ya Kashata ilikuwa hofu kweli, si uliwahi kuniambia hivyo kuhusu yule mbwa wa Padri, au nakuchanganya na mtu? Hili la funguo linatoka? Niwe natikisa funguo kwa mbali huku namlisha, kama ule mwavuli, au namharibu zaidi? Kachanjwa mara mbili, ya tatu bado na ya kichaa ndio tunaifuata wiki ijayo, naruhusiwa kumpeleka kwa binti sasa? Maana wewe ulisema asitoke mpaka zote ziishe, na binti kanionyesha msimamo wa madaktari wa tabia za wanyama wa Marekani wa 2008, kwamba ikishapita wiki moja tangu chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo kapewa anaweza kuanza, na kwamba miezi mitatu ya kwanza ndio muda wenyewe wa kuzoea dunia. Miezi mitatu si ndio hii imeisha? Nimechelewa? Kuhusu kile kitoto kilichokuwa kinaharisha, zimeshapita zaidi ya wiki mbili, Kashata anakula na kucheza, nihesabu mpaka siku ya ngapi ndio nipumue? Hela ya Jumamosi nne zilizobaki ungekuwa wewe ungeidai? Na kwenye pantoni nampitishaje mbwa, nimtie kwenye tenga kama kuku?

Na mama, mguu ukoje, wameshatoa plasta? Anatembelea nini? Bado anagombana na yule dada wa mazoezi?

Jibu kabla ya Jumamosi tafadhali, hata voisi ya dakika mbili.

Jana usiku nilikuwa dirishani Baba Imani anarudi. Kasimama nje ya geti, katoa leso mfukoni, kazifunga funguo ndani yake akazikaza, ndio akagonga nimfungulie. Hajui kama nilimwona.

Wako,
Rehema