Sola ikitoa moto mdogo, anzeni juu ya bati

Mhariri, naomba nafasi niseme na wenzangu wa sola za majumbani. Inaniuma sana kuona taa zinafifia saa mbili usiku mtu anakimbilia kununua betri mpya, hela ya ada ya watoto inaishia dukani, kumbe tatizo liko juu ya bati. Panda asubuhi paneli ikiwa bado ya baridi, futa vumbi kwa maji na kitambaa laini, halafu angalia kivuli, maana seli, vile vipande vidogo vya paneli, zimeungwa kwa mfululizo, tawi la mwembe likifunika kona tu umeme unashuka vibaya.

Bado moto, yaani umeme, ni mdogo? Chukua mita ya kupimia volti. Paneli ya volti 12 ukiichomoa kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachoongoza chaji ya betri, jua likiwa kali inatakiwa isome kama volti 20 hivi, ikisoma hivyo ukague waya, mafundi wengine wanafunga waya mwembamba wa taa mita 15 mpaka chumbani, umeme unapotea njiani na viungio vinashika kutu ya kijani. Na nyie wauza vifaa jamani, muuzieni mtu waya wa milimita za mraba 4 au 6 na mumweleze kwa nini.

Mdau wa sola, Singida