Kwa mdogo wangu anayetafuta tena gari ya viti vinane

Mdogo wangu,

Habari imenifikia hapa Likasi, Kongo, kwa mdomo wa watu, maana mambo yako siku hizi nayasikia kwa majirani: unauza ile gari na unataka nyingine ya familia. Umemwuliza rafiki yako wa Kolwezi, umewauliza mafundi wa Katuba huko kwako Lubumbashi, umemwuliza hata mchungaji. Yaya wako, dada yako mkubwa, hukumwuliza. Basi najibu bila kuulizwa, tena hapa mbele ya watu, kwa sababu simu zangu hupokei.

Wanasema umebaki na Noah na Alphard za Toyota, na Serena ya Nissan.

Noah si moja. Ile ya zamani, ya 1996 hadi 2001, motere yake, yaani injini, ya 3S imelala chini ya viti vya mbele na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Ni motere rahisi, wala fundi hahitaji kompyuta kuielewa. Mkanda wa taimingi hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Muuzaji akishindwa kusema ulibadilishwa lini, bei ya mkanda mpya ikatwe kwenye hesabu yake. Lakini mlango wa kuvuta ni mmoja tu, na uko kushoto. Japani wanaendesha kushoto, kwa hiyo kwao abiria anashukia pembeni. Sisi tunaendesha kulia. Watoto wako watashukia katikati ya barabara, na malori ya shaba unayajua hayamngoji mtu. Kwangu mimi hapo mazungumzo ya ile Noah yamekwisha.

Kuanzia mwisho wa 2001 ilipata milango pande zote mbili. Ila nyingi za miaka ile zina motere ya 1AZ-FSE, inayodunga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Uchafu wa petroli unaiumiza pampu, na masizi yanashika kwenye valvu. Wewe unayejaza kwa bidoni, yaani dumu, kando ya njia, hiyo iache. Ile iliyotoka 2007, yenye motere ya 3ZR, imerudi kwenye udungaji wa kawaida, na badala ya mkanda ina mnyororo. Hiyo ndiyo ningetafuta.

Serena ya 2005 hadi 2010 ina nafasi nzuri na mara nyingi bei yake iko chini. Bwate yake, yaani gia boksi, ni CVT, ile isiyo na gia za ngazi, na inataka mafuta yake yenyewe, si yale mekanisiye anayomimina kwenye kila gari. Usiicheke Serena peke yake lakini: Noah nayo ina CVT tangu 2004. Yoyote utakayochukua, vuta kijiti cha mafuta ya bwate ikiwa kipo, unuse. Yakinuka kuungua, ondoka, hata kama rangi inang'aa.

Alphard unaipenda kwa ajili ya uso wake. Sikulaumu, ni nzuri, ina utulivu, na ile ya 2.4 haina mambo mengi. Ile ya 3.0 ya V6 itakunywa mshahara wako kabla hujafika Luisha. Hesabu mafuta ya mwezi mzima kwanza, ndipo utazame viti vya ngozi.

Na HiAce umeiondoa kwenye orodha kwa sababu gani? Eti ni ya taksi. Wenye taksi hawana hela ya kuchezea, mdogo wangu, ndiyo maana wameichagua.

Sasa nifike pale ambapo hutaki nifike. Gari uliyokuwa nayo ilikuwa na viti vinane. Siku tulipomzika mama mlitoka Lubumbashi asubuhi, nasi tumeketi hapa kwenye kilio tunangoja. Mlango ukavutwa. Shangazi alikuwa amekalia bidoni. Bidoni! Kilomita 120, mwanamke wa umri ule, ameshika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili, kwa sababu mstari wa nyuma ulikuwa umeung'oa kuweka spika zako. Alishuka, akanyoosha kitambaa chake, akasalimia wakubwa mmoja mmoja, akaomba maji. Nilipokuuliza ukaniambia, "Yaya, viti vile vilikuwa vinalia." Halafu ukawafungulia vijana mlango wa nyuma waone. Ukajaribu na muziki, kidogo tu, ulisema, tena wa kanisa. Mama yetu yuko ndani, bado hajafunikwa.

Shangazi hajawahi kulalamika. Nikimtaja kwako utasema yeye mwenyewe amesahau. Mimi niliuona mwendo wake usiku ule alipokwenda chooni.

Kwa hiyo radyatere ilipopasuka ukaniomba dola mia tatu, nilikataa, na ningekataa tena leo. Wanasema ni wivu. Mwanamke anayeuza unga Likasi amwonee nani wivu kwa gari isiyo na viti? Wanasema pia nilisusa ubatizo wa mtoto. Sikususa. Nilikuwa na homa, na bisi siku ile zilijaa, na kadi ya mwaliko ilifika imechelewa.

Haya. Gari ikitoka Japani omba karatasi ya mnada. Ikiandikwa R, iliwahi kugongwa ikatengenezwa; mwulize muuzaji wapi. Kisha ngoja ifike. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, Zambia yote, hadi Kasumbalesa kwenye mpaka wetu, ni safari ndefu, na jeki na tairi la akiba hupenda kubaki njiani. Ikague duane, pale forodhani, siyo nyumbani. Ingia mstari wa tatu mwenyewe, funga mlango, magoti yako yakuambie. Washa hewa baridi uone kama inafika huko nyuma.

Ukipata Noah ya 2007 au ya baadaye yenye karatasi safi, nitaongeza dola mia nne. Si mkopo, na usimweleze yule wa Kolwezi. Nitapanda bisi nije nikazilipe mwenyewe kwa muuzaji, na viti nitavihesabu kabla sijatoa hela mfukoni. Halafu uniletee sufuria kubwa ya mama, iko kwako tangu kilio.

Yaya wako