Kadi yako ya grafiksi, na yale maneno ya baba mdogo

Columbus, Ohio

Mdogo wangu Shaabani,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nifikishie shikamoo kwa Mama na Bibi. Mimi mzima. Baridi ipo, kazi ipo, namshukuru Mungu.

Ujumbe wako wa sauti kuhusu kadi ya grafiksi, hiyo inayochora picha za gemu kwenye skrini, nimeusikiliza. Wa baba mdogo pia, maana aliutuma kwenye grupu la familia ukanifikia kabla ya wako. Anasema nimekosa la kufanya na hela mpaka namnunulia mtoto vitu vya kuchezea, na huku nyumba ya Bibi inavuja. Yameniuma, Shaabani. Hela ya bati niliituma kabla ya Ramadhani, ikaingia kwenye simu yake mwenyewe, na ujumbe wa kuthibitisha ninao mpaka leo. Bati ziko wapi? Usijibu wewe, hilo ni la wakubwa. Ila ajue kuwa kadi yako haikutoka kwenye mfuko wa bati. Nilikuahidi mbele ya Mama kwamba ukipata daraja la kwanza kidato cha nne, kompyuta yako nitaimalizia mimi. Umelipata. Ahadi ni deni.

Sasa tuje kwenye kadi, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu hili nalijua. Kompyuta ninayotumia niliiunga mwenyewe mezani kwangu, kuanzia mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, mpaka feni ya mwisho. Vifaa nilivinunua Micro Center, duka lililoanzia hapa hapa Columbus mwaka 1979, na kadi niliyoiweka ni RX 6600 yenye kumbukumbu ya GB 8. Ilipowaka mara ya kwanza nilimpigia Mama video, kumbe huko ni usiku wa manane. Watoto wa jirani, Wakongo wa Bukavu, siku hizi wananiita fundi, na jina hilo nalipenda kuliko yote niliyopewa huku.

Lakini usiitamani ya kwangu. Inakula wati 132 na inataka waya wa pini 8 kutoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Picha uliyonitumia ya ndani ya hiyo kompyuta yako, Dell OptiPlex 9020, nimeikuza mpaka nikasoma lebo ya pawa saplai: wati 290. Humo hauning'inii hata waya mmoja wa pini 6, sembuse wa pini 8. Huyo muuzaji anayekusukumia RX 580 hajakwambia kuwa kadi hiyo peke yake huvuta hadi wati 185. Prosesa yako, ubongo wa kompyuta, i5-4590, ni wati 84. Jumlisha, unapata 269, na hujahesabu diski, feni wala ramu. Utafungua gemu ya GTA, ikifika pazuri mashine inazima. Hapo atakwambia ubadilishe pawa saplai. Na za kawaida zina plagi ya pini 24, wakati mazabodi ya Dell hiyo inachukua pini 8, kwa hiyo utatafuta na adapta. Hela inatoka tu.

Tena RX 580 nyingi za mtumba zilikuwa zikichimba Ethereum, sarafu ya kidijitali, usiku na mchana, mpaka uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022 na wenyewe wakazimwaga sokoni. Na ukiona imeandikwa 2048SP, hiyo kwa nguvu zake ni RX 570 iliyoazima jina la kaka yake.

Ile GTX 1050 Ti ya bei ya chee usiiguse kabisa. Tazama tena picha ya nyuma: lile tundu la buluu ni VGA, la kuunganishia skrini za zamani. Najua limekuvutia kwa sababu skrini yako ni ya VGA, lakini chipu za kampuni ya Nvidia za kizazi kile cha mwaka 2016 hazitoi VGA. Hiyo yaelekea ni kadi ya zamani sana, mfano GTS 450, iliyobadilishwa jina kwenye programu yake ya ndani ili Windows iamini. Waambie na wenzako: GPU-Z ni programu ya bure, na kadi ya namna hiyo huitaja wazi kuwa ni bandia.

Basi nimekununulia GTX 1650. Ilitoka mwaka 2019 kwa dola 149, ina GB 4, na inatumia wati 75 ambazo inazipata zote kwenye tundu la mazabodi bila waya wowote. Zipo 1650 zenye pini 6. Hii haina, niliigeuza juu chini kabla ya kulipa. GB 4 si nyingi, na gemu kubwa za sasa itabidi ushushe mipangilio. Ila GTA V, Valorant na FIFA za nyuma, kwa ubora wa picha wa 1080p, utacheza mpaka Mama akuitie chakula mara tatu. Hiyo RX 6500 XT aliyokutajia rafiki yako inatumia njia 4 tu za PCIe, lile tundu la kadi kwenye mazabodi, na kwenye mazabodi yako ya PCIe 3.0 itapungukiwa, waya nayo inataka. Ningejaliwa zaidi ningechukua RTX 3050 ya GB 6, ya wati 70. Safari hii haikuwezekana.

Anakuja nayo Mama Zuhura, pamoja na kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kwa ajili ya skrini yako. Kabla ya kuifunga chomoa waya ukutani, shika chuma cha kasha kwanza, kisha ikandamize mpaka usikie kile kishikizo kikilia.

Jumapili nilinunua machungwa hapa, mazuri kwa macho, ukila hayana ladha. Nikakumbuka ya Muheza, na jioni za Raskazone, wewe mdogo hutaki kutoka majini. Mama Zuhura akirudi mfungashieni bizari ya Bibi, nyingi.

Na Mama apime paa, aniambie bati ngapi za geji 28. Nitalipa dukani moja kwa moja, na ya fundi itapitia simu ya Mama. Baba mdogo nitampigia mwenyewe Ijumaa baada ya swala.

Dada yako,
Mwanahamisi