KUH: GURUDUMU LA UMEME LILILOSHINDWA KUSIMAMA

Malindi

Kwa Meneja wa Mauzo,

Nilinunua kwenu gurudumu moja la umeme, lile la kupanda umesimama, mguu huku na mguu huku, bila usukani, kwa shilingi 85,000. Barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa plasta.

Siku ile dukani nilimuuliza kijana wenu, "Breki iko wapi?" Akanijibu, "Egemea nyuma tu, litasimama." Kijitabu cha maelezo ya gurudumu nacho hakisemi zaidi ya hapo.

Nimelipanda wiki tano bila kuanguka. Alhamisi iliyopita stima haikupotea usiku kucha, kwa hivyo asubuhi nililichomoa likiwa limejaa pomoni. Sijafika mbali na nyumbani, hapa Maweni, kwenye kijiteremko cha kuingilia barabara kubwa, tuktuk ikakata mbele yangu. Nikaegemea nyuma. Likalia mlio mkali, vikanyagio vikalegea ghafla chini ya nyayo, nikaanguka kwenye lami. Lenyewe likabingirika hadi mtaroni. Mwenye tuktuk ndiye aliyenikimbiza hospitali.

Fundi wa umeme hapa mjini ndiye aliyenieleza lile ambalo lilikuwa juu yenu kunieleza. Breki ya chombo hiki ni mota yenyewe. Ukipunguza mwendo inageuka dainamo na kurudisha umeme kwenye betri. Betri yangu ikijaa hufika volti 67.2, ikishajaa, umeme ule hauna pa kwenda, volti zinapanda, saketi inajikata ili isiungue. Mpanda anaachwa hewani.

Tena, hata betri ikiwa nusu, chombo hiki hakisimami kama bodaboda. Pikipiki ukiibana breki, uzito unahamia gurudumu la mbele. Hapa mbele hakuna kitu. Sharti gurudumu limtangulie mpanda kwanza ndipo limzuie, na hapo mita za barabara zinakwisha. Nanyi mnayauza katika mji ambao upepo wa bahari humwaga mchanga juu ya lami!

Niliwapigia simu mkaniambia sijazoea. Sikubali neno hilo.

Nataka nirudishiwe pesa zangu na nilipwe gharama za matibabu, risiti nimeziambatisha. Nataka pia kila gurudumu litoke dukani na onyo la Kiswahili: usiteremke mlima betri ikiwa imejaa. Jana nimemwona mtoto aliyevaa sare za shule akipita Lamu Road juu ya gurudumu kama langu, bila kofia ngumu. Moyo ulinienda mbio.

Nangoja jibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Gurudumu liko kwangu, sijalifungua. Njooni mlipime, na mlipime betri ikiwa imejaa.

Wenu,
Mteja, Maweni